Mwaka wa Kulaza Bonde

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua wengi mtasomea kwenye simu, mmelala chali, miguu juu ya mto. Haya, someni hivyo hivyo. Lakini msome mpaka mwisho, kwa sababu juzi tulipomzika mdogo wangu Mwanakombo nilikaa matangani nikawasikia mkimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Mlisema aliwafukuza watu wa mradi bondeni kwa jembe. Mmoja wenu, simtaji, akaongeza kwamba walikimbia wakaacha viatu. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya maiti, lakini kunyamaza si kukubali. Mwanakombo alikuwa mkali, na jembe alilishika kweli, ila aliyetishika na jembe lile hakuwa mtu wa mradi. Aliyetishika ni mimi, nami nilikuwa Dubai, sina hata pa kukimbilia. Habari za nilizaliwa wapi na nani alinilea ziacheni, hazina faida hapa. Watu husema mtu hufundwa akiwa kigori. Mimi mwaka ulionifunda ulinikuta nina mjukuu na magoti yananiuma.

Mwaka ule nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya Mirdif, nyumba nyeupe yenye ukuta mrefu na mti mmoja wa ghafu uani. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jikoni, mimi na Nakato, Mganda wa Masaka, ambaye kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi. Vitanda viwili, kabati moja tuliloligawa kwa kanga, na dirisha lililotazama ukuta. Ndege zilipita juu yetu zikishuka uwanjani, na kila moja ikipita maji ndani ya glasi yalitetemeka. Nakato alikuwa akisali kwa sauti, mimi nasali kimya, tukavumiliana. Madam wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Akiingia jikoni ni yalla, akitoka ni khalas, na kati ya yalla na khalas mimi niwe nimeshapika. Kila siku mchana ni wali wa nyama, machbousi wanauita, mchele wa punje ndefu kama sindano. Nilipika mchele mwingi mwaka ule kuliko maisha yangu yote, na kila nilipouosha nilikuwa nikiwaza mpunga wetu nyumbani unavyogeuka rangi.

Sasa bonde. Nyinyi mliozaliwa mjini mnalipita tu mkienda kupiga picha. Kijiji chetu kiko juu kidogo ya mkono wa bahari, na kati ya nyumba na mikoko kuna bonde la mpunga. Bonde la juu hunywa maji ya kijito na ya mvua. Bonde la chini limepakana na bahari. Na bonde lote, la juu na la chini, ni la wanawake. Minazi na mikorosho wanaume watagawana kwa sheria zao, lakini bonde hutoka kwa mama likaenda kwa binti, na mwanamume akilima humo, analima kwa ruhusa. Karatasi hakuna. Hati yake ni jembe. Mwenye bonde akipitisha misimu miwili bila kulima, mwingine anaweza kuja kuliomba, na ukimnyima utaulizwa mbele za watu, jembe lako li wapi? Basi bonde la mama yetu lilikuwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na Mwanakombo alilima kwa niaba yangu nilipokuwa ugenini.

Lakini bonde hilo ni la chini, na bonde la chini lilikuwa limeshaharibika. Mikoko ya mbele yake ilikatwa, tuliikata sisi, tukauza nguzo, tukachomea chokaa, na wengine wakaja na misumeno wakamaliza tulichobakisha. Bahari ikapata njia. Kwanza mpunga ulipata manjano kwenye ncha, halafu ukawa hauchanui, halafu ukawa hauoti kabisa, na jua likiwaka udongo unatoa weupe kama unga. Hata hivyo Mwanakombo alishuka kila msimu akakwaruza. Alikuwa analima chumvi. Hakuwa na matumaini ya kuvuna hata kibaba, alikuwa anashika hati. Na chumvi ile ilikuwa inapanda. Majirani zetu wa bonde la juu, bonde linalolisha kijiji kizima, walianza kuiona kwenye matuta yao ya mwisho. Ndipo wakaja watu wa mradi na maneno yao. Walisema bonde la chini liachiwe lirudi kuwa mikoko, na mikoko ndiyo itakayoishika bahari, bonde la juu lipone, kaa na kamba warudi. Wanaume wa kamati ya kijiji wakawatembeza bondeni. Wakaja na wapiga picha. Mwanakombo akanipigia simu, nakumbuka nilikuwa namenya vitunguu, akasema, "Dada, wamepiga picha bonde letu. Wanasema zinakwenda Dubai. Si ndiko uliko? Nenda ukazitazame."

Nikacheka. Dubai si kijiji. Lakini mwisho wa mwaka ule kweli dunia nzima ilikuja Dubai kuzungumza habari za joto na mvua, barabara zikajaa mabasi, na madam akataka watoto wake wakaone maonyesho. Watoto wanne, kwa hiyo mimi na Nakato tuliandamana nao kuwashika mikono. Humo ndani baridi kama friji la nyama. Kuta zinawaka, zinacheza picha za samaki na misitu, watu wa kila rangi wana kadi shingoni, wanatembea haraka kama wanaowahi maziko. Mimi nilimshika yule mdogo, natazama ukutani tu. Sikutegemea kuona kitu. Nikakiona. Bonde letu, kubwa kuliko mlango wa duka. Nililijua kwa tuta lililopinda kama kiwiko, mama yetu alilipinda kuzunguka kisiki cha mkandaa ambacho hakikung'oka. Na juu ya tuta lile wamesimama wanaume watatu wa kamati, wamevaa kanzu, na viatu miguuni. Viatu, juu ya tuta la mama yangu.

Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kizungu. Nikamvuta Nakato anisomee. Akasoma kimya kwanza, midomo inacheza, halafu akanitazama mimi badala ya picha.

"Mama, wameandika hii ni ardhi iliyoachwa."

"Imeachwa na nani?"

"Hawajaandika nani. Wameandika tu imeachwa."

Nikamwambia madam, pale ni kwa mama yangu. Akatazama, akasema mashallah, pazuri, akawapanga watoto mbele ya picha akawapiga picha, wamenyoosha vidole viwili viwili. Halafu yalla, tukaenda kula aiskrimu. Mimi nimeishi na neno lile tangu siku ile. Mtu anayekuibia shamba usiku unaweza kumpigia kelele. Lakini mtu anayeandika hapa hapana mwenyewe, tena kwa herufi nzuri, mbele ya wageni, huyo unaanzia wapi? Na kibaya zaidi sikuweza kusema kwamba mradi wenyewe ni mbaya. Chumvi niliijua. Nilikuwa nimeionja kwa ulimi wangu mwenyewe kwenye udongo ule kabla ya kuondoka.

Nilimpigia Mwanakombo nikamwambia nilichokiona. Nilitaka ajue, basi. Sikumwambia alime. Nikasikia kuku wake wanagombana, halafu akasema, "Tumeacha? Sawa," akakata. Baadaye nikaletewa picha kwenye simu. Alikuwa amewaita wanawake wote wenye mabonde ya chini, hata walioolewa Mombasa, hata Bi. Mwanahawa ambaye hakuwa ameshika mpini tangu mtoto wake wa mwisho aote meno. Wamejipanga kutoka tuta hadi tuta, matope magotini, majembe juu. Wamelima bonde lote la chini, wakaligeuza jeusi likang'aa. Mimi nilifurahi, siwafichi. Nilimwonyesha Nakato, akapiga vigelegele vya kwao, na madam akaja kuuliza nani ameolewa.

Siku yangu ya mapumziko nilikuwa nikienda Rashidiya kwa binti yangu Riziki. Riziki alikuwa akiuza manukato dukani, mumewe Athmani akiendesha gari la kupelekea watu mizigo, na walipanga chumba kimoja katika nyumba kubwa iliyokatwakatwa kwa mbao, si mbali na kituo cha mwisho cha treni. Jiko moja la familia nyingi, Watanga, Wazanzibari, sisi. Ukiingia mchana unasikia kila Kiswahili, huyu anaomba ndimu kwa upole wa Kiunguja, yule anamfokea mtoto kwa Kinairobi. Siku moja, baada ya picha ile, nilipika wali wa nazi ya paketi, na kunde, na samaki wa kukaanga, kwa sababu tulikuwa na mgeni. Aliitwa Saumu, msichana wa Msambweni, ndiye afisa wa mradi kule kwetu, na alikuwa amekuja Dubai kwenye mkutano ule. Alikuwa ameomba namba yangu kwa Mwanakombo, na Mwanakombo akampa baada ya kumtukana.

Nilijiandaa kumtukana na mimi. Lakini aliingia, akavua viatu, akanishika mkono kwa mikono miwili, "Shikamoo mama," akakaa mkekani, na chakula hakukigusa. Alitoa simu akanionyesha picha ya bonde la chini, siku chache kabla ya wanawake kushuka. Niliona matope. Akasema, tazama vizuri, mama. Nikaivuta karibu. Kila mahali, kama mtu aliyemwaga, vimche vya majani mawili mawili.

"Ni mchu, mkoko wenyewe," akasema. "Hakuna aliyeupanda. Maji ya bamvua yameuleta wenyewe, ukapenda pale, ukakaa."

Akaeleza taratibu, na mimi nawahadithia nyinyi kama nilivyoelewa. Walikuwa wamejaribu kupanda kwa mikono mahali pengine, miche ikafa, kwa sababu mkoko haupangiwi pa kukaa. Unaojileta wenyewe ndio unaodumu. Kwa hiyo tumaini lote la kuizuia bahari lilikuwa kwenye vimche vile, na kazi ya mtu ilikuwa moja tu, kutopakanyaga. Na akina mama wamepageuza juu chini. Hakulaumu. Alisema mbegu zitakuja tena, zimeshaanza kuja, lakini kama jembe litashuka kila msimu basi bahari itafika bonde la juu, na hapo hapatakuwa na jambo la kufanywa na mtu yeyote.

Nikamwuliza, "Nani aliandika kwamba limeachwa?"

Akatazama chini. "Tuliandika tulivyoelezwa na kamati, mama."

"Mkawauliza wanaume habari za bonde?"

Athmani, ambaye alikuwa anatafuna kimyakimya karibu na mlango, akasema, "Mie simo, mama, mie dereva tu," na Riziki akacheka mpaka akapaliwa. Saumu naye alitabasamu kidogo, halafu macho yakamjaa maji. Akasema kama angekuwa na majina ya wanawake wenyewe, na neno lao, angekuwa na kitu cha kusimamia mbele ya kamati na mbele ya wakubwa wake. "Bila nyinyi nina picha tu."

Hapo ndipo nilipoona nilivyobanwa. Jembe likishuka, mchu unakufa na kijiji kinakosa wali. Jembe lisiposhuka, hati imekwisha, na wale wenye viatu watasema, si tuliwaambia limeachwa? Bonde la mama yangu, ambalo yeye alipewa na mama yake, lingenipotelea mimi mkubwa, niko jikoni kwa watu namenya vitunguu. Saumu aliondoka bila jina hata moja. Nilimfungia chakula chake kwenye kopo.

Miezi iliyofuata sikuwa mtu. Ulimi wangu uliikataa chumvi. Nilikuwa napika naonja, naona chumvi imezidi, kumbe sijatia hata kidogo. Sir mwenyewe, mume wa madam, ambaye hakuwa na kawaida ya kusema juu ya chakula, aliuliza kama mpishi anaumwa. Siku moja familia ilikwenda kutembea kwenye hori, mkono wa bahari wa kule, mahali wanapoangalia ndege wa majini, nikauona mchu. Wao wanauita qurmu. Umezungushiwa uzio, una bango, una mlinzi kwenye kibanda, na watu wanapita juu ya daraja la mbao wakinong'ona kana kwamba kuna wagonjwa. Nilisimama pale nikaitazama ile mizizi yake iliyochomoza matopeni kama vidole, nikaona haya, kisha nikaona hasira, na mpaka leo sijui ipi ilitangulia. Kila simu ya nyumbani ikilia nilifikiri ni habari ya jembe.

Kisha mama yake Nakato alifariki huko Masaka. Nakato hakuweza kwenda, mkataba haukuruhusu. Madam alimpa siku moja asifanye kazi, akamletea maua. Nakato alikaa kitandani, viatu vimo miguuni, mikono mapajani, hajui afanye nini, kwa sababu msiba ni kazi, na mtu akiwa peke yake hana kazi ya kufanya. Nikampikia uji. Nikamkalisha chini, nikakaa naye, nikamwambia aniambie mama yake alikuwa akilima nini. Migomba, akasema. Na sasa nani ataishika? Akasema kwao shamba la marehemu halisogezwi mpaka matanga yaishe. Nami nikamwambia kwetu pia ni hivyo, mwenye bonde akifiwa halimi, hulilaza. Anaingia matopeni miguu mitupu, anawataja waliolilima kabla yake mmoja mmoja, wenzake wanasikia, anasema nalilaza. Tangu hapo hakuna anayeweza kuliomba wala kuuliza jembe li wapi, hata misimu ikipita mingapi, mpaka mwenyewe aje aliamshe. Niliyasema haya kwa kumliwaza tu. Nilipofika mwisho bakuli la uji likanitoka mkononi. Nakato akadhani nimepata kizunguzungu.

Nilimpigia Mwanakombo hapo hapo, Nakato amekaa ananisikiliza. Nikamwambia tulilaze bonde la chini lote, kila mwanamke la kwake. Lisilimwe, lisiombwe, mchu ukue, na majina yetu yakae. Akaniuliza kama nimelewa.

"Nani kafa?" akasema. "Bonde hulazwa kwa maiti. Nipe maiti."

"Mpunga umekufa, Mwanakombo. Umekufa zamani, na hatujaukalia hata siku moja ya matanga. Kazi yetu kuuchokoa tu kwa jembe."

Lilimwingia, nilijua. Halafu akaanza kutafuta mlango wa kutokea, maana ndiyo tabia yake, Mungu amrehemu. Akasema haya, lakini anayelaza ni mwenye bonde, na mwenye bonde la kwanza, mkubwa, ambaye wote wanamfuata, ni mimi, na mimi siko. Nikasema nitasema kwenye simu, mtaiweka kwa sauti kubwa. Akawauliza wenzake waliokuwa pale, nikasikia kicheko kizima. Akarudi akasema, "Simu haina miguu, dada. Wanaume wa kamati watatucheka mpaka tuhame. Mvua ya kwanza ikianguka sisi tunashuka na majembe. Ukija kabla, tutakusikiliza."

Nilimwomba madam ruhusa. Alisema shule zikifungwa, inshallah. Ile inshallah ya kwake nilikuwa naijua, ni ya kiangazi, na mvua ya kwetu haingoji kiangazi. Nikamwomba tena, akasema pasipoti iko kwa sir, sir yuko safari, na mkataba ni mkataba. Kulikuwa na njia nyingine, naijua tangu mwanzo, na niliizunguka kama mtu anavyozunguka shimo. Mrithi anaweza kusimama mahali pa mwenye bonde. Lakini mrithi akishaingia matopeni akajitaja, bonde limehama. Linakuwa lake. Mama yake anabaki mgeni pale, analima kwa ruhusa kama mwanamume. Nilimgusia Riziki mara moja tu, tena kwa mbali. Alikuwa anapanga chupa zake. Akasema, "Mama, niache kazi niende nikasimame matopeni, kwa ajili ya mahali pasipoota kitu? Hilo bonde ni lenu nyinyi. Mimi nitalifanyia nini?" Sikumlazimisha. Nikajiambia ni kwa sababu ya kazi yake. Ukweli mimi mwenyewe nilikuwa sijakubali kulitoa. Nimefanya kazi za watu tangu nikiwa na nguvu, nyumba si yangu, kitanda si changu, sufuria si zangu, na kila nilipochoka nilikuwa najiambia, lakini una bonde.

Ndipo ikaja mvua ile ya Dubai, ambayo walioiona hawaisahau. Mchana ulikuwa kama magharibi. Maji hayakutoka mbinguni tu, yalitoka barabarani, yakapita chini ya geti, yakaingia sebuleni polepole, hayana haraka, kama mgeni anayejua atapewa kiti. Mimi na Nakato tulikunja mazulia, tukayapandisha ngazini, tukarudi tukakuta maji yamefika kwenye plagi. Madam alikaa ngazi ya tatu na mtoto mapajani. Aliniuliza kwa Kiarabu, si kwa kutaka jibu, maji haya yaende wapi sasa? Nikatazama nje. Saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na mti mmoja wa ghafu umesimama majini. Hapakuwa hata na tope la kuyanywa. Ndege zilikoma, na mara ya kwanza tangu nihamie Mirdif nikasikia kimya cha juu. Katikati ya kimya hicho simu ikatetemeka mfukoni. Mwanakombo. Kule kwetu mawingu yalikuwa yamekaa upande wa bahari, na wanawake walikuwa wananoa.

Yaliyofuata kule nyumbani mnayajua, ila mnayasimulia vibaya. Kumsifu Mwanakombo kwa kushika jembe ni kumpunguzia. Kushika jembe kila mtu anaweza. Yeye mvua ilipoanguka aliliweka chini, mbele ya wanawake aliowakusanya mwenyewe, akawaambia ngojeni mrithi afike, na mwanamke mkali kumwambia mwenzake ngoja ni kazi kubwa kuliko kulima. Na msije mkadhani tumeshinda. Mchu upande wa kiwiko umenifika kifuani, upande wa pili umekauka na Saumu hajui kwa nini. Bonde la juu lilitoa mpunga mwaka jana. Mwaka huu sijui. Kamati inakaa vikao, na kila kikao nampeleka mtu akasikilize. Bahari haijaahidiana na mtu. Mimi mpaka leo nikisikia upepo wa kusi umeshika, naamka nashuka mpaka kwenye tuta, naonja udongo.

Lakini siku ninayotaka muijue ni moja. Maji yalipopungua nilikwenda Rashidiya, nusu kwa basi na nusu kwa miguu, sketi nimeikunja, barabara ina magari yaliyoachwa yamekaa upande. Gari la Athmani lilikuwa mojawapo. Nikawakuta chumbani, godoro limesimamishwa ukutani linachuruzika, mtoto wao Mishi amelala juu ya meza, Riziki anakausha viatu vyake vya kazini kwa mashine ya nywele, kucha zake ndefu nyekundu. Wakanipa kiti, wakanimiminia chai, wakaanza kunihadithia maji yalivyoingia. Walikuwa na mengi. Nilimaliza chai yangu. Nikamwambia Athmani azime ile mashine. Kisha nikasema hivi.

"Riziki, kata kucha hizo. Ndege zikianza kuruka, ya kwanza yenye nafasi ni yako, na dukani utawaambia una msiba, wala hutakuwa umedanganya. Ukifika usiingie nyumbani kula. Utashuka bonde la chini moja kwa moja, miguu mitupu, usimame ndani ya matope, umtaje mama ya mama yangu, umtaje mama yangu, unitaje mimi, halafu ujitaje wewe wa mwisho, kwa sauti mpaka wale wenye viatu wasikie, ndipo ulilaze. Athmani, wewe utapika na kumwogesha huyu mtoto, na mkeo akirudi asimkute amekonda. Na kuanzia leo, mtu wa nyumba hii asije kuniuliza mimi habari za bonde lile. Amuulize mwenyewe."